Mbipi na Nuru ya Ziwa

Watu wa pwani wamezoea kuamini kwamba rangi za majini ni mali ya bahari. Azamiaye penye matumbawe ya Chumbe au Mnemba huibuka na simulizi la samaki wa kila rangi. Ziwa, kwake, ni maji ya sangara na dagaa tu. Lakini majabali ya Mwanza hayakukomea nchi kavu. Yameshuka hadi ndani ya Ziwa Viktoria, na katika nyufa zake wanaishi samaki wadogo ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Jamii yao kubwa huitwa furu. Hawa wa mawemi huitwa mbipi.

Kuwatazama hakuhitaji safari ya mbali, ila kunahitaji hadhari, kwani ziwa lina mamba, na konokono wa ufukoni hubeba kichocho. Mzamiaji aliyetulia kando ya jabali huweza kuona dume mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano uliopigwa milia myeusi, akilinda kipande chake cha mwamba. Karibu na uso wa maji yupo dume mwingine, wa buluu. Majike wao hawana madaha hayo. Hupita, hutazama, huchagua. Jike akisharidhia, huyabeba mayai kinywani mwake, na watoto huanguliwa humo humo.

Mwaka 1998 wataalamu waliwapa mbipi majina mapya ya kisayansi, na mawili kati yake yatamfurahisha kila mpenzi wa lugha: Pundamilia na Mbipia. Kiswahili, kilichozoea kusemwa kuwa kimekopa, safari hii kimekopwa. Yule wa buluu ni Pundamilia pundamilia. Yule mwekundu ni Pundamilia nyererei, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, ambaye mbali na kuongoza nchi aliwatafsiri kwa Kiswahili Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi wa Shakespeare.

Kinachowatenga ndugu hawa wawili si ukuta wala umbali, bali ni jicho la jike. Wakipandishwa pamoja huzaa watoto wasio na kasoro. Wasichanganyike basi ni kwa sababu jike wa kila aina huifuata rangi ya dume wake. Penye maji maangavu, kama kwenye Kisiwa cha Makobe, wekundu ni wekundu na buluu ni buluu. Kwenye Kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yametibuka, mpaka huo haupo: samaki ni wa rangi za katikati, zilizofifia. Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 1997: maji yakipoteza nuru, uchaguzi hupoteza maana, na aina mbili huwa moja.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipozagaa Mwanza katikati ya miaka ya 1980 aliwamaliza furu wengi wa maji ya wazi. Yakadiriwa aina 200 zilitoweka. Mbipi walisitirika zaidi kwa sababu ya nyufa zao. Lakini jabali huzuia meno, halizuii ukungu. Udongo wa mashamba yaliyokosa miti, mbolea na maji machafu ya miji huwapata mpaka mafichoni. Na kifo hiki hakina mzoga: hakuna samaki aelaye juu, hakuna harufu ufukoni. Wote wapo, wanakula, wanazaa. Kilichokufa ni tofauti yao.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kwa mwanadamu huenda ni kweli. Samaki aliyepewa jina la Mwalimu hang'ai gizani. Anahitaji maji yapitishayo nuru ya kutosha ili jike amtambue. Yakitibuka, Pundamilia nyererei atabaki vitabuni, na huko mwambani wataogelea wajukuu zake wasiofanana na jina hilo.