Kiungo Aitwaye Wilson Palacios

Ukimtafuta Wilson Palacios kwenye orodha ya wafungaji, utamkosa. Mabao yake Ligi Kuu ya England unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alikuwa namba sita wa kazi: anakaba, anapora mpira, anampasia mwenye ufundi zaidi, halafu anarudi nyuma kukaba tena. Kwenye banda tulilokuwa tukiangalia mechi, jina lake lilitajwa akicheza rafu tu.

Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Mchezaji wa aina yake tunamwita kiungo, neno lile lile la goti na kiwiko, na la bizari kwenye mchuzi. Na goti nani analisifia? Mpaka liume.

Alizaliwa mwaka 1984 La Ceiba, mji wa bandari kwenye pwani ya Karibi ya Honduras, katika nyumba ya wavulana wa mpira: Milton, Johnny, Jerry, yeye, na mdogo wao Edwin. Aling'ara Olimpia ya Tegucigalpa, na mwaka 2007 akaenda Birmingham City kwa mkopo. Steve Bruce, aliyekuwa kocha wake pale, alipohamia Wigan akamchukua Januari 2008. Dirisha dogo la 2009, Tottenham ya Harry Redknapp ikamnunua kwa kama pauni milioni 12.

Ukiisoma hivyo, ni ngazi tupu, mtu anapanda tu. Lakini weka tarehe nyingine pembeni. Oktoba 2007, Wilson akiwa na miezi michache tu Uingereza, watu wenye silaha walimteka Edwin nyumbani kwao La Ceiba. Alikuwa bado kijana mdogo. Fedha za kumkomboa zililipwa, mtoto hakurudi. Mabaki yake yalipatikana Mei 2009. Spurs walikuwa wanajiandaa kucheza ugenini na Everton. Wilson aliiacha timu akapanda ndege kwenda kuzika.

Kwa hiyo Wigan yote, uhamisho ule wa mamilioni, mechi zile za kufuzu Kombe la Dunia, vyote alivicheza bila kujua kama mdogo wake yu hai. Miezi kumi na minane na ushee. Na sisi bandani tunapiga kelele, "Huyu naye, rafu tu!"

Najua kishawishi cha mwandishi hapa: kumfanya Edwin awe ufunguo wa kila kitu, kwamba Wilson alikaba kwa uchungu. Siamini, na hata ingekuwa kweli sisi tungeijuaje? Alikuwa anakaba hivyo hivyo kabla. Kinachonikaa kooni ni kingine. Anayetuma hela nyumbani anatuma pia habari kwamba hela ipo. Wenye ndugu ughaibuni wanaijua hofu hii: nyumba ya bati jipya huonekana kutoka mbali, na si na wema peke yao.

Mwaka 2010 Honduras ilirudi Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu 1982. Wilson na Johnny walikuwa kikosini. Julio César de León alipoumia, akaitwa Jerry. Ikawa mara ya kwanza kwa ndugu watatu kuwa kwenye kikosi kimoja cha Kombe la Dunia. Magazeti yalifurahi. Uwanjani mambo hayakuwa matamu: 1-0 kutoka kwa Chile, 2-0 kutoka kwa Hispania, sare tasa na Uswisi, wakarudi kwao bila bao hata moja. Rekodi imeandika ndugu watatu. La Ceiba hesabu ilikuwa ya watano.

Baadaye alikwenda Stoke, ambako benchi lilimzoea kuliko uwanja. Brazil 2014, dhidi ya Ufaransa pale Porto Alegre, alitolewa kwa kadi ya pili ya njano kabla ya mapumziko baada ya kumsukuma Pogba. Wengi wanamkumbuka kwa hilo.

Siombi asamehewe rafu zake. Rafu ni rafu. Ila anayeandika maisha ya mchezaji asiishie kwenye mabao na bei. Aziweke tarehe za uwanjani na za nyumbani kwenye ukurasa mmoja, halafu asitafsiri sana. Zenyewe zinatosha.