Siku Tatu Ufukoni mwa Ziwa Turkana: Matayarisho ya Safari kutoka Isiolo

Watu wa Isiolo wakisikia neno "ufuko" hukumbuka Mombasa na Malindi, hupiga hesabu ya nauli, kisha hunyamaza. Kutoka kwetu hadi Mombasa kwa njia ya Nairobi ni kilomita 750 na zaidi, na mtu mwenye siku tatu tu za mapumziko atazimaliza karibu zote garini. Lakini uko ufuko mwingine ambao wengi wetu hatuutii katika hesabu, nao uko upande wetu wa kaskazini. Ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Loiyangalani. Ziwa lile lina urefu wa kilomita 250 na zaidi, nalo lina mchanga, mawimbi, mashua na samaki. Mgeni akiambiwa kwamba ile ni bahari hatabisha sana, mpaka aonje maji yake, ambayo ni ya magadi, au amwone mamba.

Mwezi wa Agosti shule zikiwa zimefungwa, nimekusudia kwenda huko pamoja na kijana wangu wa miaka 14, jirani yangu mwenye gari, na rafiki yetu mmoja Msamburu ambaye kwao ni South Horr. Tutalala ufukoni usiku mbili katika hema na kuvua samaki kwa mshipi. Nimeona vyema kuandika habari za matayarisho yetu, kwa sababu nilipokwenda mara ya kwanza sikujitayarisha, na nusura nisirudi.

Nianze na njia. Wakati wa ukoloni jimbo la kaskazini lilikuwa limefungwa, na makao makuu yake yalikuwa hapa Isiolo. Mtu hakupita kizuizini bila cheti. Hata baada ya Uhuru, kwa miaka mingi magari ya kwenda Marsabit yalingojeana, yakaenda kwa msafara pamoja na askari kwa kuogopa wanyang'anyi. Barabara yenyewe ilikuwa ya mawe na mawimbi ya mchanga, iliyolegeza meno ya abiria na misumari ya gari. Kipande cha kwanza cha lami, cha kilomita 136 kutoka Isiolo mpaka Mto Merille, kilitangulia, na kufikia mwaka wa 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Siku hizi mtu anywaye chai ya alfajiri Isiolo aweza kuwa Laisamis kabla jua halijapanda sana.

Laisamis ndipo tutakapoiacha lami na kushika mkono wa kushoto. Njia ile ilitengenezwa upya, kilomita 208 mpaka Sarima, kwa ajili ya kupitisha vyuma vikubwa vya mitambo ya umeme wa upepo. Hupita Illaut, kisha South Horr katikati ya milima, ambapo miti na maji humpumzisha msafiri chini ya Mlima Nyiru ambao Wasamburu huuheshimu sana. Baada ya hapo miti hukoma. Huanza mawe meusi, mawe juu ya mawe, kana kwamba mtu amechoma nchi nzima akasahau kuzoa makaa. Ndipo huonekana mitambo yenyewe, 365 kwa hesabu, kila mmoja umesimama kama mnazi wa chuma unaozungusha makuti yake. Mitambo hiyo ilianza kutia umeme katika nyaya za taifa mwaka wa 2018.

Namwomba msomaji asiipite hesabu hiyo haraka. Watu hawakusimamisha mitambo 365 mahali pale kwa kupenda mandhari. Waliisimamisha kwa sababu upepo wake ni mkali na hauchoki. Nyanda za juu za Ethiopia ziko upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na kati yake ni bonde. Upepo utokao upande wa Bahari ya Hindi huingia bondeni humo kama maji yaingiavyo katika mfereji mwembamba, ukaongeza mbio. Huvuma zaidi usiku hadi asubuhi, na alasiri hupungua. Ajabu ni kwamba miezi tuionayo sisi kuwa ya baridi, wakati wa asubuhi za sweta hapa Isiolo, huko Loiyangalani joto haliondoki; msafiri hubeba mablanketi mawili akayatumia kuzuia mchanga.

Hayo yote sikuyajua nilipokwenda mara ya kwanza. Tulifika tukiwa wanne, tukalala vizuri kwa kuwa tulipewa chumba mjini, na siku ya pili saa kumi za jioni tukamwona mwenye mashua akakubali kutupeleka mbele kidogo ya rasi ili tupate sangara wakubwa. Maji ya karibu na pwani yalikuwa yametulia kama ya kisima. Tulivua kwa furaha mpaka jua likakaribia kuchwa. Mara upepo ukaamka nyuma yetu, kutoka upande wa Mlima Kulal. Mwenye mashua akavuta kamba ya mashine mara ishirini, nayo ikakohoa tu. Tukapiga makasia, lakini kila tulipoinua macho pwani ilikuwa mbali zaidi. Maji yaliyokuwa kimya yalikuwa sasa meupe pande zote, na mmoja wetu alikuwa anachota maji kwa kofia yake. Tuliokolewa na wavuvi waliokuwa wanarudi Komote na mashua kubwa zaidi, giza likiwa limekwisha kuingia. Hawakutuuliza kitu njiani. Mzee wao alisema neno moja tu, kwamba ziwa lile huwapenda wageni.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu habari hiyo, nami nilijuta, kwa maana mwaka huu nilipotaja kumchukua kijana alikataa kabisa. Mke wangu ni mtu wa Lamu, binti wa mvuvi, aliyeletwa Isiolo na ndoa. Siku mbili hakutaka hata kuyasikia mazungumzo yetu. Siku ya tatu akaniuliza swali ambalo mimi na wenzangu, pamoja na ramani zetu, hatukuwa tumeliuliza.

"Baba watoto, huo upepo wa huko unakwenda wapi? Unakuja pwani, au unatoka pwani?"

Nikamjibu kwamba unatoka nchi kavu, unakwenda majini.

"Basi," akasema, "huo si kama kusi ya kwetu. Kusi ni kali, ngalawa ndogo hazitoki, lakini ukivunjikiwa na mlingoti hukutupa ufukoni. Huo wenu humchukua mtu ukampeleka asikokujua. Tena kwa kuwa unatoka nchi kavu, maji ya kando hayana mawimbi. Mtu husimama akadhani pametulia."

Nilitazama tena ramani, nikaona ni kweli tupu. Sisi wa bara huogopa wimbi linalokuja. Pale Loiyangalani palipo na hatari hapana wimbi la kuonekana, maana mawimbi huzaliwa mbele na kwenda kupiga ufuko wa magharibi, mbali na macho yetu. Nikakumbuka habari ya mwaka wa 1934, wakati wataalamu wa Kizungu walipokuja kulipima ziwa hili, ambalo wakati ule waliliita Rudolf. Wawili kati yao walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, wasionekane tena mpaka leo. Vitu vichache vyao viliokotwa baadaye, navyo viliokotwa ufuko wa magharibi.

Tangu siku ile matayarisho yetu yalibadilika. Zamani tulipanga safari kwa kufuata samaki, na sasa twaipanga kwa kufuata upepo. Sharti la kwanza, ambalo mke wangu alilitamka mbele ya jirani na rafiki yetu ili tusilisahau, ni kwamba hapana atakayetia mguu katika mashua, hata kama mwenyewe ni mtu mwema na mashine ni mpya. Tutavua kutoka nchi kavu. Na kwa mvuvi wa nchi kavu upepo uleule ulio adui huwa rafiki, kwa sababu humpiga mgongoni, na mshipi urushwao nao huenda mbali kuliko nguvu za mkono. Saa zetu ni za alasiri mpaka karibu na magharibi, wakati upepo umelegea kidogo na joto limeanza kupungua. Asubuhi tutalala au tutatembea mjini.

Sharti la pili ni la mamba, ambao ni wengi sana katika ziwa hili. Hapana kusimama majini, hapana kunawa samaki ukingoni, na jua likichwa mishipi yote hukunjwa. Mtu hukaa hatua kadha juu ya maji, tena haoni haya kusogea nyuma zaidi.

Mshipi wetu ni mnene, kwa sababu sangara wa huko aweza kuwa mzito kuliko mtoto, tena wako samaki wenye meno ambao hukata uzi mwembamba kama mkasi. Tumenunua ndoana kubwa kwa sangara na ndogo kwa ngege, na vipande vya risasi vya kuzamishia. Hema ndilo lililotupa mawazo zaidi. Vigingi havifai, kwa kuwa ardhi ni mawe, na penye mchanga hung'oka. Rafiki yetu Msamburu ametushauri kuchukua magunia matupu na kamba ndefu. Magunia hujazwa mawe huko huko, na hema hufungwa kwayo, mlango ukielekea ziwani, mgongo ukielekea mlimani. Moto wa kupikia utawashwa jioni kabla upepo haujaamka, ndani ya duara la mawe. Viatu hukung'utwa kila asubuhi kwa ajili ya nge na nyoka mdogo wa mchangani.

Petroli nimeipigia hesabu mara tatu. Kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya huko ni kama kilomita 900, na gari la jirani hula lita moja kwa kilomita 7 katika njia kama ile, yaani lita 129. Tangi lashika 80, basi tunachukua madebe matatu ya lita 20. Maji ya kunywa tunachukua lita 80 kwa watu wanne. Iko chemchemi ya maji matamu Loiyangalani, na wenyeji hawana choyo, lakini haipendezi mgeni kufika kwa watu wa jangwani akiwa na chombo kitupu.

Ruhusa ya kuvua tutaiomba kwanza kwa maofisa wa uvuvi na kwa wazee wa ufuko. Hilo si jambo la sheria tu. Karibu na Loiyangalani, katika vijiji vya Layeni na Komote, wanakaa Waelmolo, kabila dogo sana ambalo tangu zamani liliishi kwa samaki, wakivua kwa chusa na kwa nyavu juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma. Lugha yao ya asili imetoweka na sasa husema Kisamburu. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda, likaizunguka Komote hata ikawa kisiwa, na watoto wake huvuka maji ambayo baba zao walipita kwa miguu. Sisi twaenda kuvua kwa kujifurahisha mahali ambapo wengine huvua wapate kula, basi yapasa tubishe hodi. Nataka kijana wangu aone jambo hilo pia.

Gari limekwisha kaguliwa, na tutaondoka Ijumaa saa kumi za usiku. Mke wangu amempa kijana mshipi wa marehemu baba yake, uliozungushwa juu ya kipande cha mti cheusi kwa mafuta ya mikono, akamfundisha uani namna ya kuurusha, kuku wakikimbia huku na huku. Mzee mmoja jirani yetu, Mborana ambaye maisha yake yote hajala samaki wala hatazamii kula, aliwatazama kwa muda mrefu akiegemea fimbo yake. Kisha akaniita kando akaomba tumletee mmoja, mkavu, apate kumwona tu. Ila tumkate kichwa kabisa kabla ya kumleta, asije akatazamana naye.