Fuvu Ndani ya Glasi: Tulichojifunza kwa Hans Erni

Wiki ya pili ya Kwaresima mwaka huu tulipewa kazi ya kuchora bango. Tulikuwa mafrateri watatu wa falsafa mwaka wa tatu, mkubwa wetu akiwa na miaka 25. Tuliteuliwa kwa sababu moja tu: mmoja wetu alikuwa akiandika vibao vya maduka kabla hajaingia seminari. Padre mlezi alitaka bango kuhusu maji. Kijito kinachopita chini ya seminari kilikuwa kimeanza kunuka, na waamini wa kigango cha bondeni wanakitumia kwa kunywa, kupika na kufua.

Tulinunua manila nne na rangi. Tukachora mama amejitwisha ndoo, anatabasamu, nyuma yake milima ya kijani na jua lenye miale. Juu tukaandika kwa herufi kubwa: MAJI NI UHAI, TUYATUNZE. Jumapili, baada ya Misa, tukalibandika kwenye ukuta wa kanisa la kigango, tukasimama pembeni kusubiri pongezi.

Bibi mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yake, alilitazama kwa muda mrefu.

"Limependeza, wanangu," akasema. "Sasa nanyi mtuambie. Yale maji ya banda la nguruwe la seminari yanakwenda wapi?"

Hatukumjibu. Si kwamba hatukujua. Sote watatu tumewahi kufanya zamu ya kusafisha banda lile. Tunaujua mfereji unaotoka nyuma yake, na tunajua unakoishia. Bibi hakusubiri jibu, alichukua khanga yake na kwenda zake.

Tulirudi tumenyamaza. Siku mbili baadaye tulikuwa maktaba tukitafuta mfano wa bango lingine. Kwenye rafu ya chini kuna vitabu vya Kijerumani ambavyo hakuna anayeviazima. Wakapuchini kutoka Uswisi walifanya utume Tanganyika tangu miaka ya 1920, na pamoja nao masista wa Baldegg, ambao nyumba mama yao iko katika kantoni ya Lucerne. Vitabu vyao bado viko katika maktaba nyingi za Kanisa nchini mwetu. Kimoja kilikuwa cha picha za mabango. Kijerumani chetu hakifiki sentensi tano, lakini picha tulizisoma bila kamusi.

Ukurasa mmoja ulitusimamisha. Ilikuwa glasi ya maji, na ndani yake fuvu la mtu. Maneno matatu tu, ambayo padre mmoja mzee alitufasiria baadaye: okoeni maji. Mwaka, 1961. Mchoraji, Hans Erni.

Tukaanza kumfuatilia mtu huyu. Alizaliwa Lucerne tarehe 21 Februari 1909, katika familia ya watoto wengi, na baba yake alikuwa fundi mitambo kwenye meli za mvuke za ziwa la mji huo. Maji, basi, aliyaona tangu utotoni, tena akiwa mtoto wa mfanyakazi. Alianza kujifunza kazi ya upimaji ardhi, kisha uchoraji wa ramani za majengo, ndipo akaingia shule ya sanaa na ufundi mjini kwao. Baadaye alisoma Paris na Berlin. Mkono wake haukupoteza ile nidhamu ya mpima ardhi. Mistari yake ni myembamba, safi, na kila mmoja unajua unakwenda wapi.

Mwaka 1939 alipata kazi iliyomfanya ajulikane nchi nzima. Kwa maonyesho ya taifa yaliyofanyika Zürich alichora picha ya ukutani yenye urefu wa mita 100 na kimo cha mita 5, ikionyesha Uswisi kama nchi ya mapumziko ya mataifa. Watu waliimiminikia. Maonyesho yalikuwa bado hayajafungwa vita kuu ya pili ilipolipuka Ulaya. Yule aliyekuwa amechora nchi ya mapumziko akaitwa jeshini, na huko kazi yake ikawa kupaka rangi za kuficha, ili adui asione kilichopo.

Jambo hili tulilijadili usiku mzima bwenini. Mkono uleule unaweza kuonyesha na unaweza kuficha. Bango letu la kwanza lilikuwa la kundi gani? Milima ya kijani, jua, tabasamu: kila rangi tuliyoipaka ilikuwa imefunika mfereji.

Baada ya vita Erni aliendelea na kazi nyingi za kila namna: picha, sanamu za udongo, vitambaa, stempu za posta, na mabango takriban 300. Mengine yalikuwa ya kawaida. Lakini machache yalikwenda mahali ambapo watu hawakutaka kutazama. Katika miaka ya 1940 alichora bango la kudai wanawake wa Uswisi wapewe haki ya kura. Wanaume wa nchi hiyo, ambao ndio peke yao waliokuwa wakipiga kura, walikataa mwaka 1959, na haki hiyo ilipatikana katika ngazi ya taifa mwaka 1971. Bibi zetu wa Tanganyika walikwishapiga kura mwaka 1962. Tulipolisoma hilo tulitazamana, maana tulizoea kudhani kwamba mwanga wote huja kutoka upande mmoja.

Mwaka 1954 alichora bango la kupinga vita vya nyuklia. Ni fuvu, lakini fuvu hilo ni dunia yenyewe, na kutoka kichwani mwake wingu la bomu linapasuka. Papa Yohane XXIII alitoa waraka wake Pacem in terris mwaka 1963, miaka tisa baadaye. Hatusemi mchoraji alimfundisha Papa. Tunasema tu kwamba hofu iliyoufanya waraka ule uandikwe ilikuwa tayari imebandikwa ukutani, mbele ya watu wanaosubiri basi.

Mambo haya yalimgharimu. Katika miaka ya 1940 benki kuu ya Uswisi ilimpa kazi ya kuchora noti mpya. Alizichora. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba fedha ya taifa haiwezi kuchorwa na mtu anayeshukiwa kuwa mkomunisti, na noti zake hazikutolewa kamwe. Polisi walimwekea jalada. Mtu ambaye juzi taifa lilijipanga kutazama ukuta wake wa mita 100, leo taifa hilohilo halitaki mkono wake uonekane mfukoni mwake.

Hapa tulipata pingamizi kutoka kwa mwenzetu mmoja darasani, na tulione lilivyo. Alituuliza: seminari ya Kikatoliki inatafuta nini kwa mtu aliyeitwa mkomunisti? Kwa nini msiandike juu ya Fra Angelico? Swali ni la haki. Hatujui kilichokuwa moyoni mwa Erni, wala si kazi yetu kumtangaza mtakatifu. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye tunamsoma kila wiki, alichukua ukweli kwa Aristotle ambaye hakumjua Kristo, na kwa Ibn Sina aliyekuwa Mwislamu. Hakuuliza kwanza cheti cha ubatizo. Tomaso huyohuyo anafundisha kwamba uzuri unadai mambo matatu: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tulidhani bango letu lilikuwa na yote matatu. La kwanza halikuwapo. Picha ya kijito isiyo na mfereji haikuwa kamili, na kitu kilichokatwa sehemu yake, hata kiwe na rangi nzuri namna gani, kwa Tomaso hakistahili kuitwa kizuri.

Tuseme pia upande wa pili, tusije tukampaka Erni rangi kama tulivyopaka milima. Wahakiki wengi wa sanaa hawakumthamini. Walisema anapendeza mno, kwamba farasi na njiwa zake zimekuwa nyingi, kwamba anachora kila anachoombwa. Ukitazama kitabu chote utaona wana hoja. Kuna kurasa tulizozipita haraka. Lakini huenda hilo ndilo lililotupa moyo. Mtu aliyejua kupendeza kiasi hicho angeweza kupendeza maisha yake yote na kulipwa vizuri. Fuvu ndani ya glasi lilichorwa na mtu aliyejua fika namna ya kuchora glasi ya kumfurahisha mwenye hoteli.

Mwaka 1979 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Lucerne, kwenye uwanja wa makumbusho ya usafiri. Katika ukumbi wake kuna picha kubwa ya ukutani iitwayo Panta rhei, yaani "vyote vinatiririka", maneno ambayo kila mwanafunzi wa falsafa anayahusisha na Heraklito. Humo amewapanga wanafikra na wanasayansi tangu Wagiriki wa kale. Sisi tulifundishwa Heraklito kama swali la mtihani: je, unaweza kuingia mto uleule mara mbili? Tuliandika majibu mazuri, tukapata alama. Hatukuwahi kujiuliza ni nani anayeteka maji chini kidogo ya pale tuliposimama. Kila kitu kinatiririka, na kile cha banda letu kinatiririka kwenda kwa Bibi.

Kwa hiyo tulichora bango la pili. Hatukuiba fuvu la Erni. Tulichora glasi ya bwalo letu, ileile ya plastiki ya bluu ambayo kila frateri anaijua, yenye kovu ukingoni. Ndani yake tukaweka maji ya rangi ya udongo, na ndani ya maji, kwa mstari mwembamba, mfereji unaotoka bandani. Chini tukaandika swali moja: UNGEKUNYWA?

Kilichotusumbua kilikuwa mahali pa kulibandika. Mwenzetu mmoja alitaka tulipeleke kigangoni, ili Bibi aone tumesikia. Tukakataa. Bibi hakuhitaji kuambiwa, maana yeye ndiye aliyetuambia. Bango lile liliwahusu wenye nguruwe. Mahali pake palikuwa mlango wa bwalo, ambapo mapadre walezi na mafrateri wote hupita mara tatu kwa siku.

Msomaji aliyepita seminari anajua uzito wa hilo. Huu ni mwaka wa tathmini. Mwisho wa muhula walezi watakaa, watataja majina yetu moja moja, na kuamua nani aendelee na nani arudi nyumbani kutafakari upya. Neno "mkaidi" katika ripoti huweza kufunga mlango ambao mama zetu wanauombea rozari kila jioni. Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijiuliza mara nyingi kama tunasukumwa na ukweli au na majivuno ya vijana watatu waliosoma kitabu kimoja. Tulikwenda kwa mlezi wa kiroho. Hakutuambia tubandike wala tusibandike. Alituuliza kama tuko tayari kushika koleo.

Asubuhi, kabla ya Masifu, tukalibandika. Kisha tukaenda wenyewe kwa Padre gombera, tukabisha hodi, tukamwambia ni sisi, na kwamba kama itachimbwa karo ya kupokea maji ya banda, sisi tutakuwa wa kwanza kuchimba. Alitusikiliza amesimama. Akasema, "Sawa. Nendeni darasani." Hakuongeza neno.

Bango lilikaa mlangoni siku nne. Siku ya tano tulikuta halipo, na hatukujua nani amelitoa. Wiki iliyofuata kwenye ratiba ya kazi za mikono palikuwa na mstari mpya: karo, banda la nguruwe. Hadi tunaandika haya imefika kina cha kiuno. Mwamba umetukawiza, na mvua za masika zimejaza shimo mara mbili. Maji ya banda bado yanateremka. Ripoti zetu hazijatoka.

Hans Erni alifariki tarehe 21 Machi 2015, akiwa na miaka 106. Miezi mitatu baadaye waraka Laudato si' wa Papa Fransisko ulitangazwa, ambamo suala la maji safi limepewa nafasi yake mapema kabisa. Tunausoma darasani mwaka huu. Wakati mwingine tunausoma tukiwa na udongo kwenye kucha.

Jumapili iliyopita tulishuka tena kigangoni. Bango la kwanza bado lipo ukutani, jua limeanza kulifubaza. Tulitaka kulibandua, Bibi akatuzuia.

"Liacheni," akasema. "Siku mkimaliza hilo shimo, litakuwa la kweli."