Siku Moja ya Ziada Kigoma

Kibali chetu kiliandikwa siku saba. Binti yangu, mwenye miaka kumi, alipewa rufaa ya sikio kutoka Nyarugusu kwenda Kigoma. Mimi niliandikwa msindikizaji, na mama yangu akaongezwa, maana mtoto wa kike analala wodi ya wanawake na baba haruhusiwi kukesha huko. Siku ya tano daktari akamaliza, akatupa dawa ya matone, akasema nendeni. Gari la kambi lilikuwa linarudi siku ya saba asubuhi. Kwa mara ya kwanza toka nipate akili nilikuwa na siku nzima mjini, ya halali, yenye muhuri.

Wenzangu wa kambini mnanielewa. Ninyi wa mashirika, mnaopita getini kwa kadi ya shingoni, niwaambie tu kwamba siku kama hiyo mtu hawezi kuimaliza kwa kulala.

Mimi ni fundi baiskeli. Kwa hiyo asubuhi nilikwenda moja kwa moja Mwanga, nikamkuta fundi mwenzangu chini ya mwembe, anatengeneza na kukodisha. Akaomba kitambulisho. Nikampa kibali. Alikisoma chote taratibu, hadi sahihi ya mkuu wa kambi, akakirudisha huku anakuna kichwa.

"Kaka, na mkitokomea nazo?"

Sikumlaumu, baiskeli ndiyo shamba lake. Pembeni kijana wake alikuwa anahangaika na ringi iliyopinda kama chapati. Nikachuchumaa, nikaomba spana ya spoki, nikalegeza huku, nikakaza kule, mpaka gurudumu likazunguka bila kucheza. Habari ya kitambulisho ikaishia hapo. Alitupa Phoenix yenye keria imara na nyingine ndogo ya binti, elfu tano zote mbili mpaka magharibi.

Mama alikataa. "Mie bibi mzima, unipakize ku kinga?" Yeye bado anasema kinga, sisi tuliokulia Tanzania tunasema baiskeli. Mwishowe akapanda kwa upande, kitenge kimekazwa, mkono umeshika mkanda wangu.

Kutoka Mwanga kushuka stesheni hukanyagi pedali. Barabara yenyewe inakubeba, miembe inapita kushoto na kulia, na mbele yako ziwa linapanda kama ukuta wa bluu. Binti alipiga kelele njia nzima. Nilikuwa namwambia breki ya nyuma kwanza, ya nyuma kwanza, lakini nadhani ile sikio mbovu ndiyo ilikuwa upande wangu. Mama hakusema neno. Nilisikia tu mkanda unakazwa.

Reli kutoka Dar es Salaam inaishia hapo. Ilifika mwaka 1914, na jengo la stesheni ni la Wajerumani. Bandari iko jirani, na ndiyo nyumbani kwa Liemba, meli iliyoletwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1915. Watalii wanaipenda kwa uzee wake. Jirani zangu Warundi wanaikumbuka kwa jambo lingine: mwaka 2015 ndiyo iliyowatoa Kagunga ikawaleta Kigoma.

Tukaenda Kibirizi kula. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa, na harufu yao inakufuata mpaka kwenye sahani. Mamantilie akatuletea ugali wa muhogo na samaki mrefu aliyelala kwenye mawese mekundu.

"Hii njo mikeke!" mama akasema.

"Mgebuka huo, mama yangu."

"Mikeke. Mie nimezaliwa na hii samaki."

Wakabishana kwa kicheko kama ndugu, mmoja anaita kwa jina la ng'ambo, mwingine kwa jina la huku, samaki ni yuleyule. Mama alikula vichwa viwili, akafyonza hadi mifupa ikabaki mieupe. Sijui kama watu wanaopanga mgao wanajua mtu anaweza kukaa miaka mingi na unga na dengu, halafu alie kwa sababu ya mawese. Alisema ni pilipili.

Njiani kwenda Ujiji tukapata pancha. Fundi hatembei bila kiraka na solusheni, lakini saa nzima iliondoka. Kwenye makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hatukuingia. Tuliteremka hadi majini, mafundi wanakochonga boti.

Ilikuwa Agosti. Moshi na vumbi la kiangazi vilikuwa vimefunika ng'ambo yote. Binti akauliza, "Bibi, Kongo iko wapi?" Mama akanyoosha mkono kwenye ule weupe, bila kusita, kama anayeonyesha mlango wa jirani.

Halafu akaniambia, bila kunitazama: "Kinga ya baba yako iko mu haya maji."

Mwaka 1996 nilivuka mgongoni mwake, nina miezi minane. Hilo nalijua. Kinga sikuwahi kuisikia. Baba alimpakiza pamoja nayo, akamwambia tangulieni, atakuja kuikamata huku. Usiku mawimbi yakapanda. Mwenye mtumbwi akasema vitu vitupwe ama tutakufa wote. Mama akaitupa yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Baba hakuvuka.

"Nilikuwa najiuliza, akikuya, nitamwambia nini," mama akasema. "Njo sababu sikukupenda ufundi huu. Sikukukataza, lakini sikuupenda."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiniita nikale huku amesimama mbali na banda langu, kila siku, miaka yote. Nilidhani anachukia grisi.

Tulirudi tukisukuma, kilima kile hakina huruma. Mama alitembea ameweka kiganja juu ya tandiko. Binti hakuacha kumuuliza: ilikuwa rangi gani, ilikuwa na keria, ilikuwa na taa?

"Nyeusi. Na kengele. Tulikuwa tunamsikia kabla hajafika."

Jioni nilirudisha baiskeli, nikanunua kengele kwa yule fundi. Alinipunguzia mia tano.

Kesho yake, getini Nyarugusu, askari akafungua mfuko wetu: migebuka mikavu, dawa ya sikio, kengele. Akaishika, akaipiga mara mbili. Mama, aliyekuwa anasinzia kwenye kiti, akafungua macho.