Swali Baya la Mashine

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mwaka jana, huenda likamfaa mwalimu mwenzangu.

Jioni mbili niliketi mbele ya kompyuta ya shule, nikiandika alama za mtihani za watoto 64. Mwanafunzi mmoja alinisomea, nami nikaandika. Kazi ilipokwisha nikataka kufunga, mara likatokea swali: "Je, ughairi mabadiliko?" Chini yake palikuwa na maneno mawili tu, "Sawa" na "Ghairi." Neno "Ghairi" nililiogopa, maana sikutaka kughairi kitu. Basi nikabonyeza "Sawa."

Kumbe kusema sawa ndiko kughairi! Asubuhi nikayaona majina yote, walakini hapana hata alama moja. Nikamwita yule kijana, nikamkemea mbele ya wenzake kwamba ameichezea mashine. Akainama, akasema, "Sikuigusa, Mwalimu." Sikumsadiki. Nikaanza kuandika upya, na nilipotaka kufunga, swali lile likarudi. Safari hii nililisoma polepole, nikatambua kosa langu. Majuto ni mjukuu. Nikamwomba radhi mbele ya darasa lile lile.

Baadaye nilisoma nikaona kwamba si mimi wa kwanza. Katika miaka ya 1970, huko Palo Alto, Marekani, katika maabara ya Xerox, ilitengenezwa programu ya kuandikia iitwayo Bravo. Humo herufi zilikuwa pengine amri, pengine maandishi. Mtu akisahau, akaandika neno la Kiingereza "edit," herufi ya kwanza ilichagua maandishi yote, ya pili ikayafuta, ya tatu ikafungua nafasi ya kuandika, ikabaki "t" peke yake. Ndipo Larry Tesler na Tim Mott wakatengeneza nyingine, Gypsy, kwa ajili ya wachapaji wa vitabu vya shule. Kwanza waliangalia jinsi wahariri wanavyofanya kazi yao kwa karatasi, kisha wakaifuata desturi hiyo: kukata na kubandika. Herufi ikawa herufi sikuzote.

Hivyo ndivyo ilivyo programu njema. Huyataja matendo kwa majina yao, "Hifadhi" na "Usihifadhi," hata mwenye haraka asipotee. Tena humwachia mkosaji njia ya kurudi: abonyeze Ctrl na Z pamoja, na aghalabu alilolifuta hurejea. Ile mbaya humtega mtu, kisha humwacha amtafute wa kulaumiwa.

Nilipokwisha kuyawaza hayo, nikayatoa maswali yangu ya mtihani wa zamani, nikayasoma kama mtoto ayasomavyo. Mawili yalikuwa na maana mbili. Wako watoto niliowaita wazembe kwa ajili ya maswali hayo, nao wamekwisha kumaliza shule.