Moto na Maji: Filamu ya Mother India Isomwapo Ngao

Mwaka 1957, katika kijiji cha Umra, Gujarat, wapiga picha wa mwongozaji Mehboob Khan walikuwa wakinasa onyesho la marundo ya nyasi yanayowaka. Upepo ukageuka. Nargis, aliyeigiza Radha, akazingirwa na moto. Sunil Dutt, aliyeigiza mwanawe Birju, akajitosa kumwokoa, naye akaungua. Mwaka 1958 "mama" na "mwana" hao wakaoana.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa ajili ya mapenzi yake. Kwa mhakiki, hata hivyo, kina funzo jingine: maumbile si mwigizaji, wala hayafuati muswada. Filamu yenyewe hudai kinyume. Ndani yake mafuriko huharibu mashamba ya kijiji cha Radha, ilhali mfereji wa umwagiliaji, unaoifungua na kuifunga hadithi, huashiria taifa lililokwisha kuyafuga maji.

Dhamira hiyo ikipimwa kwa mizani ya Ngao, huyumba. Huko, kando ya mto Tana, Wapokomo wamelima mpunga na migomba kwa kutegemea mafuriko: maji hubomoa, lakini huacha rutuba. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mengine ya mtoni juu, yaliyapunguza mafuriko hayo. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikabomoa kingo za mradi wa mpunga wa delta, karibu na Garsen.

Kwa msomaji wa Ngao, basi, mfereji wa Radha si hitimisho bali ni swali: maji yafugwapo, hufaidi nani, na yakatapo kamba, hulipa nani?