Pikipiki ya babu ikiamshwa Lushoto

Ukiacha barabara kuu ya Moshi pale Mombo, joto la tambarare hubaki nyuma ndani ya dakika chache. Barabara ya lami ya kwenda Lushoto ni nyembamba, na kwa zaidi ya kilomita 30 inapanda milima ya Usambara kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Katikati kuna Soni na maporomoko yake. Malori ya kabichi na karoti yanashuka. Bodaboda zinapanda na abiria, magunia na watoto wa shule.

Huku juu, nyuma ya nyumba za wastaafu, hukosi kukuta pikipiki isiyopanda wala kushuka. Ni Honda au Yamaha ya zamani, aliyoitumia bwana shamba au mganga wa zahanati kufika vijijini. Mwenyewe alistaafu, au magoti yalichoka, chombo kikafunikwa turubai. Miaka inapita, mjukuu anamaliza shule na kumwomba babu waiamshe ili apate riziki.

Hewa ya Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni ya baridi na ukungu. Inafaa kwa mapea na plamu, lakini chuma hakiipendi. Unyevu huingia kwenye tangi na kuotesha kutu. Petroli iliyoachwa hugeuka gundi na kuziba vijitundu vya kabureta. Panya hujenga kiota kwenye chujio la hewa.

Fundi mzoefu hakimbilii kupiga kiki. Anafungua plagi, anadondoshea oili kidogo ndani ya silinda na kuiacha ilainishe, kisha anazungusha injini taratibu. Anamwaga oili ya zamani, anasafisha tangi na kabureta, anatia petroli mpya. Injini ikikohoa na kunguruma, majirani hutoka nje, watoto wakiwa mbele.

Hapo ndipo mzazi anapopaswa kuwa macho. Petroli chakavu hukingwa kwenye chupa ya maji au soda, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiinywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Awahishwe hospitali, na chupa ipelekwe pia. Kwa sababu hiyohiyo, kijana asinyonye petroli kwa mpira mdomoni.

Injini isiwashwe ndani ya banda. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Vumbi la breki nalo lisipulizwe, kwani breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Mtoto akiungua kwa bomba la moshi, jeraha limwagiliwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno isipakwe.

Hata hivyo, pikipiki kuwaka si kupona. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni mteremko, na kila kona inadai breki. Waya za breki zilizolala miaka mingi huliwa na kutu ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halifiki. Tairi nalo lina umri wake: tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni, kwa mfano 2409, zina maana lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2009. Kashata zinaweza kuonekana nzima huku mpira umekauka na kupasuka.

Helmeti iliyoning'inia ukutani muda wote huo haifai tena, maana sponji yake ya ndani huchakaa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kwa hiyo familia inapopanga bajeti, fedha za kwanza ziende kwenye breki, matairi na helmeti mbili, ya dereva na ya abiria. Rangi mpya na redio vinaweza kusubiri. Injini ikizima njiani, kijana atasukuma hadi nyumbani. Breki zikigoma kwenye kona za Soni, hakuna cha kusukuma.